Shilingi ya Juu

Mama Kanchan hakuwahi kutoa hela inayoishia sifuri. Ndivyo walivyomsema watu wa mtaa ule wa nyuma ya soko la Majengo, na walimsema kwa kicheko, maana walimpenda. Ukimwalika harusini anakuja na bahasha: elfu hamsini, na juu yake shilingi moja. Mwanao akipata kipaimara, elfu ishirini na shilingi moja. Na si shilingi ya kusema tu, la! Ni sarafu yenyewe, ile ya zamani yenye mkono ulioshika mwenge, ambayo siku hizi hata pipi hainunui, na mtoto akiiokota anauliza ni ya nchi gani. Alikuwa nazo kopo zima la maziwa ya unga chini ya meza ya kuuzia mikate.

"Kitu kikiishia sifuri kimekwisha," aliwaambia waliomuuliza. "Ukiweka moja juu, kinaendelea."

Hivyo ndivyo walivyofanya wazazi wake, Wahindu waliofika Dodoma enzi za reli, na yeye hakuona sababu ya kuacha. Msibani tu ndipo hakuiweka ile shilingi. Msiba, alisema, nani anataka uendelee?

Kanchan ni jina lake mwenyewe, si la mtoto wake, lakini mji mzima ulimwita Mama Kanchan na yeye aliitika. Mumewe, Vithaldas, alikuwa na bekari. Bekari ya kuni, tanuri la matofali, na maandazi ya zabibu kavu alizonunua kwa wakulima wa Makutupora. Maandazi yale, jamani! Ukipita asubuhi ya baridi ya Julai, upepo wa Dodoma unakuchapa vumbi usoni, ile harufu inakuvuta mkono mpaka ndani. Hujapanga kununua, unajikuta umenunua.

Elieth alikuja hapo kutoka Mkonze akiwa msichana, kuchambua zabibu tu. Vijiti huku, zabibu kule. Baada ya mwaka alikuwa anakanda unga, na baada ya miaka michache Vithaldas hakuwa tena na sababu ya kuamka mapema. Moyo wa mzee uliposimama ghafla, watu wakajaa nyumbani, Mama Kanchan amekaa chini, ni Elieth aliyekwenda kuwasha tanuri bila kutumwa na mtu. Hospitali ilikuwa inasubiri mikate, shule zilikuwa zinasubiri mikate. Alioka huku analia, akasimamia kupakia kreti zote, kisha akarudi kukaa na mama.

Kuanzia hapo walikuwa wawili. Watoto wa Mama Kanchan walikwishahamia Uingereza, wakawa wanapiga simu Jumapili. Elieth ndiye aliyejua mama ameamka na goti linauma, ndiye aliyemtengenezea chai ya tangawizi, ndiye aliyemfokea akibeba trei nzito. "Mama, weka chini! Unataka nani akuuguze?" Na mama aliweka chini, akinung'unika.

Serikali ilipohamia Dodoma, mji ukafurika watu wa kila pembe, wenye vitambulisho shingoni, na watu hao walitaka mkate wenye jina. Ndipo kampuni moja ya Dar es Salaam ilipokuja na jina lake, Mapambazuko, na mkataba wake. Maneno yalikuwa matamu na mepesi kueleweka: bekari yako inabaki yako, faida yako, hasara yako, sisi tunakupa jina, mifuko, rangi za ukutani na soko, nawe unatulipa kila mwezi. Mama Kanchan alisaini. Ndani ya mkataba ule kulikuwa na kipengele kuhusu kuuza, lakini nani anasoma habari za kuuza siku anayoanza? Hakuwa na nia ya kuuza chochote. Kibao cha Vithaldas kikashushwa, cha Mapambazuko kikapanda, na mauzo, lazima niseme ukweli, yaliongezeka sana.

Miaka ikaenda. Goti likazidi, macho yakaingia ukungu, na zile simu za Jumapili zikawa ugomvi. Mama, njoo huku. Mama, unangoja nini? Mwishowe akakata shauri: atakwenda kwa wanawe. Lakini bekari haiendi kwa mgeni. Bekari itakuwa ya Elieth. Katika dunia nzima hilo ndilo jambo moja alilotaka lifanyike kabla hajapanda ndege, na alilitaka kwa moyo wake wote.

Alimwambia mchana mmoja, wateja wamepungua, Elieth anakanda.

"Eli, mwanangu. Bekari ni yako. Ichukue."

Elieth hakuacha kukanda. Aligeuza donge, akalikandamiza, akaligeuza tena. "Mama, sitaki cha bure."

"Kwa nini?"

"Cha bure kila mtu ana mdomo nacho. Watasema nilimzunguka bibi wa watu macho yake yalipofifia. Wanao watakuja siku moja waniulize nilitoa nini. Nataka kununua, Mama. Hata kwa taabu, ninunue."

Nakwambia, Mama Kanchan alifurahi mpaka akafuta macho kwa ncha ya sari yake. Angekuwa yeye ndiye Elieth, angesema vilevile, neno kwa neno. Basi wakakubaliana bei. Ile haikuwa bei ya bekari, usidanganyike. Dalali angeisikia angemshika mama paji la uso kuona kama ana homa. Ilikuwa bei iliyopimwa kwa mfuko wa Elieth: akiba yake ya kikoba kwanza, inayobaki kidogo kidogo. Tanuri, chumba, jina, vyote kwa pamoja.

"Na shilingi ya juu," alisema Mama Kanchan, akinyoosha kiganja.

Elieth alinawa mikono akaenda kwenye mkoba wake. Kila Krismasi alipewa bahasha na mama huyu. Noti zilikwenda kwenye ada za watoto, sarafu alizitunza. Akatoa moja, akaiweka kwenye kile kiganja kwa mikono miwili. Mama Kanchan akaipeleka nyumbani, akaiweka mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, pale anapowasha taa jioni. Wiki ileile Elieth akamletea akiba ya kikoba, na kwake Mama Kanchan biashara ilikuwa imekwisha kufungwa.

Lakini palikuwa na kampuni. Akamwendea wakili Respicius, Mhaya mpole mwenye ofisi ghorofani, mteja wa maandazi wa siku nyingi. Respicius akasoma mkataba mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama Kanchan, kampuni ina haki ya kwanza. Ukitaka kumuuzia mtu, huanzi na mtu wako. Unawaandikia wao: nataka kumuuzia fulani, kwa bei hii, kwa masharti haya. Wana siku thelathini. Wakiitaka, wanachukua wao kwa bei hiyohiyo, na mtu wako anakaa pembeni. Wasipoitaka, ndipo unamuuzia."

"Waitake ya nini? Wana bekari kubwa Dar."

"Kwa bei hii?" Respicius alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mama, kwa bei hii hata mimi ningeitaka."

Mama Kanchan hakucheka.

"Sasa nisikilize," wakili akaendelea. "Kipengele kinasema kuuza. Hakisemi kutoa. Mpe Elieth zawadi. Nakuandikia hati ya zawadi hapahapa. Wao watabaki na haki ya kuangalia kama anafaa kulitumia jina lao, na wanajua anafaa. Zawadi haina bei. Wataifikia kwa bei gani?"

"Bure natoa Ijumaa, mlangoni, kwa wanaopita kuomba," alisema Mama Kanchan, na shingo ilikuwa imesimama. "Elieth si mtu wa Ijumaa."

"Basi andika bei ya soko."

"Ataipata wapi?"

"Basi mpe, Mama!"

"Wakili, hujanielewa. Amenunua. Shilingi yake ya juu ninayo nyumbani."

Respicius aliishika kalamu, akaiweka. "Angalau mwambie yeye mwenyewe. Mwambie kuna njia ya bure na kuna njia ya hatari. Achague."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Na hapa ndipo ninapomkasirikia Mama Kanchan, pamoja na mapenzi yangu yote kwake. Siku ile ile alirudi bekarini, akamkuta Elieth anapima ukuta kwa kamba, anapanga pa kuweka rafu mpya, uso umejaa nuru ambayo mama hakuwahi kuiona. Akaogopa. Aliogopa kwamba akisema, Elieth atakubali zawadi kwa kulazimika, kichwa chini, na ile fahari ya mnunuzi itazimika. Akajiambia kampuni inamjua. Yule kijana wao Erick, anayekuja kukagua usafi, si huwa anakula maandazi matatu papo hapo na kufunga mengine ya kwenda nayo? Mtu amekula kwako miaka yote hiyo, atakunyang'anya? Akawaandikia Mapambazuko bei ileile, na shilingi moja juu yake, akapeleka.

Siku zikaenda. Elieth alipaka rangi mlango wa nyuma. Alimleta binti yake Priska aone, akamwonyesha tanuri, akamwambia, "Hapa ndipo patakapokuwa petu." Mama Kanchan alisikia akiwa nyuma ya meza ya kuuzia, akaendelea kuhesabu chenji.

Erick alikuja mchana, zile siku thelathini zilipokuwa zinakaribia kwisha. Alikuja na gari la kampuni, na hakugusa andazi. Mama Kanchan aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Mama, nimeona nisikupigie simu, nije mwenyewe. Kampuni imeamua kutumia haki yake ya kwanza. Tunaichukua sisi, kwa bei uliyoandika na masharti yaleyale. Wanataka kuwa na duka lao wenyewe hapa makao makuu."

Elieth alikuwa mlangoni kwa tanuri, trei mkononi. Aliiweka chini polepole.

"Ile bei si ya bekari," alisema Mama Kanchan. "Erick, unajua. Ile ni bei ya Elieth."

"Bei haina mwenyewe, Mama." Alisema kwa upole, na nadhani aliona haya, maana aliangalia viatu vyake. "Wao Dar wameona namba tu. Si mimi niliyeamua."

"Basi siuzi! Nimeghairi. Mwambie bosi wako bibi ameghairi."

Akampigia Respicius mbele ya wote wawili. Simu yake ilikaa kwenye spika siku zote, kwa sababu haoni vizuri kubonyeza. Wakili akasema kile alichojua lazima akiseme: pendekezo limetolewa, limekubaliwa ndani ya muda, linamfunga. Angeweza kupigana mahakamani na angeshindwa. Alimwambia pole. Mama Kanchan akakaa kwenye kiti cha Vithaldas, akashika tama.

Makabidhiano yalifanyika ofisini kwa Respicius. Erick alikuwa nadhifu, karatasi zake zimepangwa. Hela za kwanza zimekwisha kuingia benki, alisema, kila kitu kama kilivyoandikwa. Kisha akatabasamu, kijana wa watu, akidhani anafurahisha.

"Na ile shilingi moja tumeiweka, Mama. Mhasibu aliniuliza kama ni kosa la uchapaji. Nikamwambia hapana, masharti yaleyale maana yake yaleyale. Tumeilipa."

Mama Kanchan alimtazama muda mrefu. Akilini aliona nyumba ya msiba, na mtu anaingia na bahasha yenye shilingi ya juu. Kijana hakujua, na nani angemfundisha sasa? Akasaini pale alipoonyeshwa na kidole.

Kampuni ilimtaka Elieth abaki kama msimamizi, kwa mshahara. Alikataa. Alifanya kazi mpaka siku ya mwisho, akafua aproni yake, akaikunja, akaiacha mezani. Kwa Mama Kanchan hakusema neno baya hata moja, na heri angesema! Aliagana naye kwa adabu kama anavyoagana na mtu aliyekuja kununua mkate. Hilo lilimchoma mama kuliko matusi.

Basi akakodi teksi akaenda Mkonze. Hakuwahi kufika kwa Elieth, fikiria hilo. Miaka yote ile, Elieth ndiye aliyekuja kwake. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, uani pamefagiwa, kuna mti mmoja wa mlonge. Elieth alimletea kiti, akamletea maji, akakaa kwenye kigoda mbele yake.

Mama Kanchan akatoa bahasha. Ilikuwa akiba yote ya kikoba, jinsi alivyoipokea. Juu yake akaweka ile sarafu.

"Hela yako," alisema. "Na nina neno." Akalisema lote, bila kujipunguzia. Kwamba wakili alimwonyesha njia ya zawadi. Kwamba alimwambia amuulize Elieth achague. Kwamba aliahidi na hakuuliza. "Wewe ulisema hutaki cha bure. Nami nilipenda uliposema hivyo. Nilipenda mno, Eli. Nikashindwa kukuuliza mara ya pili."

Upepo ulikuwa unapiga bati. Elieth aliinamisha kichwa, akawa anatazama mikono yake, mikono yenye alama za moto kuanzia ujana.

"Ungeniuliza, Mama," alisema mwishowe, "ningepokea bure."

"Eli..."

"Niache niseme. Nilipokataa cha bure, nilidhani nachagua kati ya kupewa na kununua. Sikujua nachagua kati ya kupewa na kukosa. Ningelijua hilo ningepiga magoti, ningepokea kwa mikono miwili, na wenye midomo waseme mpaka wachoke. Ulikuwa na fahari yako, ukafikiri ndiyo yangu." Alisimama. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Mimi nilitaka tanuri, Mama."

Akaichukua bahasha. Akaichukua na sarafu pia, akaifunga kwenye pindo la kanga. Mama Kanchan alikuwa ameomba njia nzima kwamba Elieth amwachie ile sarafu. Hakuiacha. Akamsindikiza mpaka kwenye teksi, akamshika mkono kuingia kwa sababu ya goti, akafunga mlango.

Mama Kanchan alianza kufunga mizigo. Nyumba ikawa masanduku tu na kuta zenye alama za picha. Bekari ilikuwa inaendelea na watu wengine. Maandazi yalikuwa yanatoka, ya saizi moja, bila zabibu, kwa sababu kampuni haikuwa na zabibu kwenye orodha yake. Wateja walilalamika wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Yeye hakupita tena mtaa ule. Alimtuma msaidizi wa jirani amnunulie mkate kwingine, na alipoumega hakuumaliza.

Siku mbili kabla ya safari, alasiri, aliketi sebuleni juu ya sanduku lililofungwa. Kopo la shilingi lilikuwa pembeni yake; wanawe walimwambia aliache, uzito wa bure, na yeye alikuwa anafikiri ampe nani. Akasikia hodi, na sauti akaijua kabla hajaitika.

Elieth aliingia na vumbi la barabara miguuni, na kapu lililofunikwa kitambaa. Alisema shikamoo, mama akaitikia. Hakukaa. Akafunua kitambaa, na ile harufu ikaijaza sebule yote iliyokuwa imehamwa. Maandazi ya zabibu. Mengine yalikuwa yameungua upande mmoja.

"Nimejenga tanuri uani," alisema. "La udongo. Bado halijanizoea, linaunguza kushoto. Lakini asubuhi hii nimeuza yote, nikabakiza haya."

Mama Kanchan alichukua moja. Alilimega, akalila lote.

"Ni bei gani, Eli?"

Mkono wake mwingine ulikuwa umekwisha kwenda wenyewe kwenye kopo, umefunua, umeshika sarafu. Ndivyo ulivyozoea maisha yake yote.

"Bure, Mama," alisema Elieth.

Wakatazamana. Mama Kanchan aliiachia ile sarafu, ikaangukia nyingine ndani ya kopo, akafunika. Kisha akanyoosha mikono miwili, viganja juu, akalipokea kapu.